Nyamwange, Ongeza Kuni

Nairobi
10 Februari 1997

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu wewe, anti, Zack na wadogo zake, na hata ng'ombe, maana mwaka jana ulilalamika kwamba nasalimu watu tu. Mimi ni mzima. Nairobi ni vumbi na jua. Krismasi nilipita Kapkatet nikamwona mama, mgongo bado unamsumbua lakini amekataa kuacha kuchuma chai. Alisema nikikuandikia nikukumbushe kwamba yeye ndiye dadako wa pekee na hujamtembelea tangu Agosti. Haya, nimekukumbusha. Nyanya anaendeleaje? Mkono umepata nguvu? Mwambie Winny wake anakula vizuri.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nikuandikie haraka hivi. Unajua ile ofisi niliyopata hapa, ya kukusanya hadithi na nyimbo za wazee. Tumeletewa kompyuta. Usicheke. Ofisi nzima tuna hiyo moja, na kila Ijumaa inaunganishwa na waya wa simu, barua zinaingia kutoka ng'ambo. Kumbe huko kuna watu wengi, walimu wa vyuo vikuu, ambao kazi yao ni kutia vitabu vya zamani na sauti za watu ndani ya kompyuta ili aliye mbali asome au asikie. Wanapashana habari: mkutano uko hapa, mafunzo yako pale, nafasi ya kazi iko kule. Mimi ndiye ninayezichapa na kuzibandika ukutani. Wiki iliyopita nilichapa moja nikashindwa kuibandika. Nimeikalia. Chuo kimoja cha Uholanzi kinataka mtu mmoja kutoka Afrika Mashariki akasomee kazi hiyo kwa miaka miwili. Lakini lazima aje na sauti zake, za mzee wa kwao, ambazo hazipatikani kwingine.

Mjomba, nani mwingine ana sauti kama hizo? Zile kaseti sita nilizomrekodi nyanya mwaka wa 1991, kabla kiharusi hakijamnyamazisha, unazo wewe. Hadithi zake zote ziko humo na haziko mahali pengine popote. Nakuomba unitumie. Nitaziingiza kwa kompyuta kisha nizirudishe. Mwisho wa kupeleka maombi ni tarehe thelathini Juni.

Nimeandika Kiswahili kama desturi yetu. Kigusii nakisikia, kukiandika kunanishinda, na lugha ya baba yangu wewe ulikataa kujifunza.

Mpwa wako,
Winny Chemutai


Chepilat
9 Machi 1997

Kwa mpwa wangu Winny,

Barua yako ilikaa kwa sanduku la shule mpaka mwalimu mkuu akapata ufunguo aliokuwa amepoteza, kwa hivyo usiseme mjomba ni mvivu. Sisi wazima. Anti yako anakusalimu. Ng'ombe wamepata salamu, yule mwekundu amezaa ndume, tumesikitika kidogo. Mvua ya mawe ilipiga chai wiki ya mwisho wa Februari, majani yametoboka, kituoni wanakataa nusu ya kikapu. Mwambie mama yako Kapkatet si Amerika, hata yeye anaweza kuja.

Hiyo kompyuta nimeisikia. Inakula nini? Nauliza kwa sababu kila kitu kinacholetwa na ofisi za Nairobi huwa kinakula kitu cha mtu.

Kuhusu nyanyako. Mkono ni ule ule. Maneno hakuna. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kukuandikia kwa sababu hujawahi kuuliza. Kila jioni tukimaliza kula, nateremsha kaseti, natia moja kwa redio, na mama anasikiliza. Anajisikiliza mwenyewe akisimulia. Midomo yake inafuata kila neno. Ikifika pale sungura anapoingia kwa nyumba ya chui, anacheka kwa upande ule wa uso ulio mzima. Akishasikia, ndipo anakubali uji. Bila hivyo hafungui mdomo. Daktari wa hospitali ya Kaplong alisema hatazungumza tena, lakini mimi nakuambia kila jioni katika nyumba hii mama anazungumza.

Siku hizi sauti yake kwa kaseti imekuwa nzito kidogo, kama mtu mwenye mafua. Nadhani ni mawe ya redio yamechoka. Nitanunua mengine siku ya soko.

Kwa hivyo umeniomba kitu kigumu. Sijakataa. Nimesema ni kigumu.

Mjomba wako,
Nyamwange


Nairobi
24 Machi 1997

Mjomba,

Salamu kwenu nyote. Pole kwa mvua ya mawe, na pole kwa ndume. Mimi nina kikohozi kidogo cha moshi wa magari, si kitu.

Nimesoma barua yako ofisini nikalazimika kutoka nje. Sikujua kwamba nyanya anajisikiliza. Kwa nini hukuniambia? Nilidhani kaseti zimekaa tu, kama vitu vinavyokaa.

Lakini mjomba, hebu fikiria. Ile sauti nzito si mawe ya redio. Kaseti inachakaa. Kila ukiicheza inapungua kidogo, na wewe umeicheza kila jioni tangu kiharusi, miaka mitatu. Siku moja utabonyeza na hapatakuwa na mtu. Ikiingia kwa kompyuta haichakai tena. Hata mkiicheza mpaka wajukuu wa Zack wazeeke itabaki vile vile. Nitamrudishia nyanya kaseti mpya safi, sauti yake ya 1991, bila mafua. Mwezi mmoja tu. Je, hawezi kungoja mwezi mmoja kwa ajili yangu? Yeye ndiye aliyenilea kila likizo, yeye ndiye aliyekuwa akinificha nyuma ya leso yake wajomba wengine wakiniita mtoto wa Kipsigis.

Sitaki kukuficha. Mkataba wangu hapa unaisha Desemba na hakuna anayezungumzia mwingine. Hii nafasi ya Uholanzi nisipoipata nitarudi Kapkatet na digrii yangu kuchuma chai kando ya mama, na mgongo wangu utaanza kuuma kama wake. Sina kingine, mjomba. Nina sauti ya nyanya tu.

Nisaidie.

Winny


Chepilat
4 Mei 1997

Winny,

Salamu. Huku tuko, mvua ndefu zimeanza, njia ya kituoni imekuwa matope matupu, anti yako, mama Zack, aliteleza na kikapu cha majani lakini hakuvunjika. Mama yako alikuja Pasaka kweli. Alileta maziwa ya kibuyu, mama akanywa kidogo. Walikaa pamoja siku nzima, mmoja akisema na mwingine akiangalia.

Nimempa Onsongo kaseti zote sita. Ni yule dereva anayepeleka kabichi Nairobi, si mlevi, amewahi kunibebea mbegu za viazi bila kupoteza hata moja. Nimezifunga kwa shuka ya mama mwenyewe na kuzitia kwa debe la mafuta lenye kifuniko. Atakuletea hadi ofisini.

Sikutaka kuzitoa kwa siri. Nilikaa mbele ya mama nikamweleza kila kitu, nikataja jina lako, nikamwambia Winny anakwenda ng'ambo na sauti yako ndiyo tikiti yake. Alinitazama muda mrefu. Halafu akageuza kichwa upande wa ukuta. Sijui kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Nimeamua ni ndiyo, na Mungu atanihukumu.

Jioni ya kwanza nilimfungulia mahubiri ya redio. Hakutaka. Nilijaribu kusimulia mimi ile ya sungura. Nilikosea njiani, akafunga macho. Uji anaupata kwa kijiko cha watoto, ukilazimisha.

Mwezi mmoja, umesema. Nimeuandika kichwani.

Nyamwange


Nairobi
29 Mei 1997

Mjomba mpendwa,

Natumaini nyote ni wazima na mama Zack amepona mguu. Mimi niko. Msalimie nyanya, mshike mkono kwa niaba yangu.

Debe lilifika. Onsongo ni mtu mzuri, alikataa hata chai.

Tumeanza kazi. Kuna fundi hapa anaitwa Lazarus, ndiye anayejua kuunganisha redio na kompyuta. Kaseti ya kwanza imetusumbua kidogo. Ukanda ulikuwa umegandana, ukawa unavuta na kukwama. Lazarus akauliza kama ziliwahi kusahaulika ndani ya gari juani. Nikamwambia kwetu hakuna gari, na jua lenyewe tunaliona kwa ratiba. Akacheka. Halafu akanusa ule ukanda, akanipa ninuse. Mjomba, ulinuka moshi wa nyumbani. Nilitamani kulia.

Ulikuwa unaziweka wapi? Nauliza tu, Lazarus anataka kujua ili ajue jinsi ya kuzifungua.

Tutaendelea kesho. Usiwe na wasiwasi.

Winny


Chepilat
22 Juni 1997

Winny,

Hapa hatuko vizuri sana, nikudanganye kwa nini. Mama amekonda. Mama yako yuko hapa tangu wiki jana, anamwimbia nyimbo za kanisa, na mama anavumilia tu kwa heshima. Kila jioni ikifika saa yake anatazama redio, halafu ananitazama mimi. Nimeifunika redio na kitambaa. Anakitazama kitambaa.

Umeuliza kaseti zilikaa wapi. Zilikaa mahali panapofaa. Unakumbuka dari ya jikoni, pale juu ya moto, mama anapotundika mahindi ya mbegu yakiwa na maganda yake? Kando yake kuna kikapu. Hapo ndipo zilipokaa. Huku kwetu baridi na ukungu vinaingia kila mahali, hata Biblia yangu ina ukungu mweupe kwenye Zaburi, lakini mbegu ya mama haijawahi kuoza wala kuguswa na mdudu au panya tangu baba akiwa hai. Moshi unaikausha, joto linailinda. Mwaka wa 1992, zile fujo za kabla ya kura hapa mpakani, tulilala kanisani siku nyingi. Tuliporudi nyumba kubwa ilikuwa majivu, vyeti vyangu, picha ya harusi, vyote. Jikoni hawakugusa. Mbegu zilikuwa pale juu na mama wa kaseti alikuwa pale juu pamoja nazo. Msimu uliofuata tulipanda na tukasikiliza. Tangu hapo kila kitu cha thamani kwa boma hili kinakaa juu ya moto.

Kwa hivyo mwambie huyo Lazarus si unyevu. Unyevu haukuzifikia hata siku moja.

Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na kuna kitu umekizunguka. Kama zimeharibika niambie. Kama mkono ulioziharibu ni wangu, niambie pia. Mimi ni mtu mzima, nimezika baba, nimejenga nyumba mara mbili. Nitabeba. Kisichobebeka ni kutojua.

Na mwezi mmoja umepita.

Nyamwange


Nairobi
17 Agosti 1997

Mjomba,

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilianza barua nyingi nikazichana. Nawasalimu nyote, na mama pia kama bado yuko hapo.

Nakujibu ulichouliza. Hukukosea kitu chochote. Mashine yetu ya kuchezea kaseti ni mbovu, ndiyo iliyozitafuna. Ni kosa la mashine ya Nairobi. Ulizitunza vizuri kuliko mtu yeyote angezitunza, na nisisikie tena ukisema maneno ya mkono wako.

Kaseti tano hazitoi kitu. Zinakatika, zinavuma, basi. Ya sita ilitupa kipande kabla haijakatika nayo. Ni kifupi, mtu hata hajamaliza kikombe cha chai kimeisha. Lakini ni yeye, mjomba, ni sauti yake kabisa, imeingia ndani ya kompyuta. Anaanza ile ya sungura na chui. Anasema hapo zamani chui alijenga nyumba isiyo na mlango. Halafu anakatiza, anasema, "Nyamwange, ongeza kuni, mtoto huyu anatetemeka." Mtoto mwenyewe ni mimi, nilikuwa nimeshika redio. Unasikika ukiburuta kuni. Halafu anaendelea sentensi mbili, tatu, na ukanda unakatika.

Habari za Uholanzi bado, watanijulisha.

Nitakuja na kipande hicho, niwape nyanya na wewe msikie. Nitatafuta njia. Mwambie angoje kidogo tu.

Winny


SIMU YA MAANDISHI
10 Septemba 1997

MAMA AMETUACHA JUMATATU. MAZISHI JUMAPILI. NJOO. NYAMWANGE


Nairobi
20 Oktoba 1997

Mjomba mpendwa,

Nilifika salama. Ahsanteni kwa ndizi, nilizigawa ofisini. Natumaini anti amepumzika, alipika kwa ajili ya kijiji kizima na sikumwona akikaa. Mama anasema anarudi Kapkatet wiki hii, chai imekomaa na baba anapika vibaya.

Pale kaburini tulikuwa na watu wengi na hatukuzungumza. Lakini nilikusikia. Uliniambia kimya kimya tukirudi nyumbani, "Ulichukua sauti, rudisha sauti." Ulikuwa na haki. Nikajifanya nasaidia kubeba viti.

Sasa nikueleze yote, nimechoka kuzunguka. Uholanzi alikwenda mtu mwingine, mvulana wa Kampala mwenye kaseti nyingi za babu yake. Nilijua tangu Julai. Sikutaka nyanya afe akijua alitoa sauti yake bure, kwa hivyo sikukuambia wewe. Halafu niliporudi kutoka mazishini nikakuta meza yangu tupu. Wafadhili wamefunga mradi kabla ya mwaka kuisha na wameichukua kompyuta yao. Kabla ya kuichukua waliifuta yote iwe kama mpya. Hakuna aliyeuliza kilichomo. Hadithi za wazee wa watu, Wapokomo, Waturkana, Wateso, zote zilifutwa asubuhi moja na kijana aliyekuwa akitafuna mahindi.

Cha nyanya nilikuwa nimekinakili kwa disketi mbili. Moja imekataa kufunguka. Iliyobaki ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha. Ni kile kitu cheusi cha mraba. Sauti yote ya nyanya iliyobaki duniani ni hiyo, mjomba. Chumba changu kimeingia maji tangu mvua hizi zianze na jirani ameibiwa mpaka sufuria, kwa hivyo naogopa kukaa nayo. Na ulisema nirudishe. Nimerudisha.

Redio haiwezi kuicheza, usijaribu kuiingiza. Inataka kompyuta. Nikija Aprili tutaipeleka Kericho mjini, nimesikia kuna shule ya wasichana iliyo nazo, nitawaomba nitoe sauti kwa kaseti mpya. Mpaka wakati huo iweke mbali na jua. Usiiweke juu ya redio, spika ina sumaku. Watoto wasiichezee. Iweke sebuleni, ndani ya kabati la vikombe, kati ya vitambaa vya anti. Pale pananifurahisha, pana utulivu. Tafadhali iwe pale pale, mjomba.

Mimi nitapata kazi ya kuchapa kadi za harusi na mipango ya mazishi mtaani. Ni kompyuta pia.

Mtoto wenu,
Winny


Chepilat
11 Januari 1998

Kwa binti yangu Winny,

Nakupa salamu za mwaka ambao umeanza na maji. Tumepiga kura, tumekaa, hakuna aliyetufukuza, tushukuru kwa hilo. Mvua haijaacha tangu ulipoondoka. Daraja la kuelekea Sotik limekwenda, ndiyo maana barua hii itachelewa, na chai inamwagwa kwa sababu lori la kiwanda halifiki. Ndume yule tuliyemsikitikia amekufa kwa baridi. Mama Zack ni mzima. Mama yako alituma salamu na mtu aliyevuka kwa miguu.

Barua yako na kile kitu cheusi vilifika kabla daraja halijaanguka. Habari ya Uholanzi nilikuwa nimeijua. Ulipokuja mazishini hukuitaja hata mara moja, na wewe ukiwa na habari njema hunyamazi. Pole, mtoto. Sikulaumu. Nilikulaumu, nisiseme uongo, zile siku mama alipokuwa anatazama kitambaa. Nilikulaumu sana, nikakosa hata kukuombea. Lakini siku ya kaburi niliona ulivyokonda, nikajua tumepoteza wote wawili. Yale maneno niliyokuambia njiani nayarudisha.

Hiyo disketi nilipoitoa kwa bahasha nilikaa nayo mkononi kwa kitanda cha mama. Ni nyepesi. Mtu mzima na maneno yake yote, kisha anakuwa mwepesi hivi. Nilimwonyesha Zack, nikamwambia huyu ni nyanyako, usimguse. Niliiweka sebuleni kama ulivyoagiza, kwa kabati la vikombe, kati ya vitambaa.

Halafu mvua hizi zikatushika. Winny, hujaona maji kama haya. Ukuta wa sebule unatoa jasho. Krismasi anti yako alifungua kabati kutoa vikombe vya wageni, akakuta vitambaa vimeota ukungu wa kijani mpaka pembeni, na disketi imelala hapo katikati, imelowa kwa nje. Umeniambia hakuna nyingine duniani. Nikaifuta kwa shati langu, nikaiketisha mezani, nikafikiri. Mahali pakavu katika boma hili ni pamoja tu.

Najua uliagiza kabati. Lakini uliagiza ukiwa Nairobi, hujui kabati limekuwa kisima. Na wewe mwenyewe uliniandikia mwezi wa nane kwamba nilizitunza zile kaseti vizuri kuliko mtu yeyote angezitunza, kosa lilikuwa la mashine ya Nairobi. Barua hiyo nimeihifadhi. Siku mama alipokata roho niliisoma, na ndiyo iliyonisaidia kulala. Kwa hivyo sikuogopa. Nimeitia kwa kikapu chake cha zamani, nimeitundika kwa dari ya jikoni kando ya mbegu, pale pale alipokaa miaka yote.

Na kwa sababu ya hii baridi siwaachi wazime moto, hata kama hakuna kinachopikwa. Natia magogo ya mkaratusi, yale makavu niliyokuwa nimeweka ya kuchomea matofali. Unyevu hautamfikia. Ukija Aprili utamkuta amekauka vizuri, na tutakwenda Kericho sote, tuketi tumsikie.

Kila nikiingia jikoni naongeza kuni, kama alivyosema.

Mjomba wako,
Nyamwange